Kwa Rubani Wetu, Mwaka Mmoja Baada ya Kiwanja cha Shule

Ni mwaka mmoja na siku nne sasa tangu uitue helikopta yako kwa mara ya mwisho, ukiwa na risasi mbili mwilini na majeruhi saba nyuma yako, wote hai. Tangazo hili lilipaswa kutoka siku nne zilizopita. Limechelewa kwa sababu tuligombana, na familia yako unaijua: tukigombana sisi, majirani huzima redio wasikilize.

Wenzako kazini walikuita Mwalimu. Lile kundi lenu la marubani kwenye simu lilikuwa na watu kumi na mmoja tu, na wewe ndiye uliyeliwekea sheria yake: picha ya kazi haitoki nje ya kundi mpaka safari za siku ziishe na mapanga ya helikopta yasimame kabisa. Kijana aliyeivunja ulimgombeza hadi akatamani ardhi ipasuke aingie. Lakini ndani ya kundi hakuna aliyetuma picha nyingi kama wewe, na kila picha ilikuja na hadithi ndefu kama treni.

Sura za watu walioumia hukuzipiga. Ulipiga sakafu baada ya kuwashusha: kandambili moja, beseni la nguo, meno ya bandia ya mtu, damu iliyokauka kwenye reli za viti. Chini yake uliandika nani alipona na nani hakupona. Mkeo alikuwa akizisoma jikoni kwa sauti, anafika katikati anaacha, kisha anarudi kumalizia.

Hadithi ya paa la ghala uliisimulia mara nyingi kuliko zote. Mafuriko yalikuwa yamefika madirishani, wanaume wanapigana kwa mbao wakigombea nafasi, na mmoja akaning'inia kwenye mguu wa helikopta mpaka ikaanza kulala upande. Ndani mlikuwa na kina mama na watoto. Ukaiinamisha makusudi, mara mbili, mpaka yule bwana akaachia na kuangukia majini. Waliompata walimkuta amevunjika miguu yote miwili. Ulimtafuta wodi kwa wodi ukiwa na blanketi jipya mkononi, akakuporomoshea matusi ya nguoni mbele ya wauguzi, nawe ukarudi nyumbani umefurahi. Ulituambia anatukana vizuri sana, mapafu yake hayana shida.

Tunakumbuka mengine pia. Ulipiga kelele kwenye simu kana kwamba sote tuko chini ya injini. Ulikula umesimama. Helikopta uliweza kuitua mahali padogo kama meza ya chakula, lakini gari la mkeo ulilikwangua getini mara tatu, na kila mara ukalilaumu geti.

Sasa tuseme lile tulilogombania.

Siku ile watu wenye bunduki walikuwa wameuvamia mji wa machimbo tangu alfajiri, na zahanati ya pale ilikuwa imejaa hadi kwenye ngazi. Safari ya kwanza ulitua kwenye kiwanja cha shule, nyuma ya mnara wa maji, ukabeba watu sita. Ulipowafikisha hospitali ukatuma picha ya kiwanja kwenye kundi, umeuchorea mstari mwekundu waya wa umeme wa upande wa kushoto. Haikuwa mbwembwe. Mdogo wako, ambaye wewe mwenyewe ulimfundisha kuruka, alikuwa anakufuata na helikopta ya pili, na hukutaka auguse ule waya.

Mdogo wako alikuwa bado anasubiri mafuta. Akaichukua picha ile na kuiweka kwenye ukurasa wake, mbele ya maelfu ya watu, na maneno matatu: "Huyu kaka yangu." Alikuwa anajivunia wewe, basi. Ulimi hauna mfupa, na kidole nacho siku hizi kimekuwa vilevile. Haikufika saa nzima ukarudi kwenye kiwanja kile kuchukua wengine saba, na wenye bunduki walikuwa wameshakaa chini ya mnara wanakungoja.

Muuguzi aliyeketi kando yako alikuja kutusimulia, na tulimwomba asifiche kitu. Walikuacha upakie kwanza. Ulipoanza kupanda ndipo wakafyatua, kutokea chini. Risasi zilitoboa sakafu na kioo, mzee aliyekuwa amelazwa akapigwa tena begani, na wewe moja ikakuingia pajani na nyingine chini ya mbavu. Ukamwambia muuguzi akufunge paja kwa mkanda wa begi lake. Alipoanza kulia ukasema, "Usinionee huruma. Nihesabie dakika." Akahesabu kumi na nne. Uliitua helikopta sawasawa, ukaizima injini mwenyewe, na walipokuja kukutoa ilibidi vidole vyako vibanduliwe kimoja kimoja kwenye usukani.

Siku ya mazishi mdogo wako alishindwa kukaa na siri. Alimfuata mkeo kando ya jeneza akamweleza alichofanya. Mkeo, karani wa idara ya maji, mwanamke anayefungua dirisha ili nzi atoke salama, alichukua kofia yako ya urubani iliyowekwa juu ya jeneza akampiga nayo usoni. Pigo la kwanza lilitoa jino. La pili lilipasua nyusi. La tatu lilitua kwenye mkono wa dada yako mkubwa, anayeandika haya, ambaye alikuwa amejitia katikati kwa kiherehere chake. Mdogo wako hakuinua hata kidole kujikinga. Tulikuzika shati lake likiwa jekundu hadi tumboni.

Toka hapo hakukanyaga nyumbani. Mama amekuwa akimtembelea kwa kujiiba, amebeba chakula ndani ya mfuko wa sokoni, kama anayekwenda kumwona mfungwa.

Basi siku ya kuandika tangazo ilipofika, swali likawa moja tu: je, mdogo wako awemo kwenye majina ya wanaokukumbuka, au asiwemo? Mkeo akasema wazi, "Akiandikwa yeye, mimi mnifute." Mama akasema amezaa wavulana wawili na hatatangaza gazetini kwamba alizaa mmoja. Mkeo akaitupa chupa ya chai ukutani. Dada yako akaichana karatasi. Binti zako wawili wakajifungia chumbani wakafungulia muziki. Siku ya kutimiza mwaka ikapita hivyo, hakuna aliyeandika neno.

Siku ya tatu mkeo alikwenda kwenye banda la helikopta akamwambie mdogo wako uso kwa uso kwamba jina lake halitatoka. Fundi mkuu alimpokea mlangoni na kumweleza asilolijua: safari za mji wa machimbo sasa anaziruka mdogo wako peke yake. Marubani wengine walizikwepa, yeye akaziomba. Mkia wa helikopta yake ulikuwa na viraka tisa vya bati.

Alimkuta amepiga magoti ndani, anasugua sakafu kwa brashi. Asubuhi hiyo alikuwa ameleta majeruhi watatu na mmoja alikuwa amekata roho njiani. Maji yalikuwa yanachuruzika mekundu mlangoni. Mkeo hakusubiri salamu. Alimkamata ukosi wa ovaroli, akamzaba kofi, akamzaba la pili, akimwambia kwamba wewe ulimfundisha kazi naye akakulipa kwa kukuuza.

"Shemeji, piga," mdogo wako akasema. "Ila jina langu liandikwe. Na nilichofanya kiandikwe pia, watu wakisome."

Mkeo aliinua mkono mara ya tatu na ukabaki juu. Kisha akaketi palepale kwenye maji, na sketi yake ya kazini.

"Na mimi niliituma," akasema.

Mdogo wako hakuelewa. Ikabidi mkeo amweleze taratibu. Asubuhi ile uliyopigwa risasi, saa nne na dakika kumi, aliiona picha kwenye ukurasa wa shemeji yake, akacheka kwa raha, akaonyesha meza zote za ofisi. Akaituma kwenye kundi la wafanyakazi wenzake. Akaituma pia kwa binamu yake mwenye duka kwenye mji uleule wa machimbo, na kumwandikia: "Shemeji yako yuko hapo kwenu shuleni, mpelekee maji ya kunywa." Sheria yako aliijua kuliko sisi sote, maana ndiye aliyekuwa anakusikia ukiwagombeza vijana. Kwa mwaka mzima hakumwambia mtu.

"Nilikuwa nakupiga wewe ili mtu asiniulize mimi," akamwambia. Mdogo wako aliweka brashi chini. Fundi anasema hapo yeye alitoka nje. Halafu mdogo wako akamwinua, akamvisha koti lake, akamleta nyumbani.

Picha ilifika mikononi mwa wale watu kupitia kwa nani, hatutajua. Mama aliwasikiliza wote wawili hadi mwisho, bila kukatiza. Kisha akamzaba mkeo kofi, akamzaba mdogo wako kofi, akaenda jikoni kuinjika maji. Usiku ule tulikula sote meza moja. Hakuna aliyeomba msamaha wala aliyetoa, na hatukudanganyi kwamba yamekwisha. Mkeo bado hawezi kumtazama usoni zaidi ya muda mfupi. Tunakukosa vibaya, baba wa wasichana. Tunakasirika kwamba ulirudi mara ya pili, halafu tunakumbuka wale saba, mmoja wao sasa ana mtoto mchanga, na hasira inakosa pa kukaa.

Wanaokukumbuka ni hawa: mama yako, dada yako mkubwa, binti zako wawili, marubani wengine tisa wa kundi lako na fundi mkuu. Na mkeo pamoja na mdogo wako, ambao waliisambaza ile picha, na ambao wametuomba tuwaandike hivi, kwenye mstari mmoja, wewe uwasome.

Tutakukumbuka daima, kila mmoja na alilolifanya.