Ndoo ya Kwanza ni Yangu

Jumanne, mwezi wa nane. Makanyagio, Mpanda. Jua kali, upepo wa vumbi, moyo mweupe.

Shajara yangu, leo unasoma maneno ya mtu mwenye bahati kuliko wote katika mtaa huu, na ukitaka ongeza mitaa ya jirani. Wengine wana viwanja. Wengine wana ng'ombe. Wengine wana wake wawili na bado wanalalamika. Mimi nina ndoo ya kwanza. Kila alfajiri bomba la Bibi Skolastika likifunguliwa, ndoo ya kwanza ni yangu.

Usinicheke. Mimi nimetembea. Nimekuwa utingo wa malori mpaka Tunduma, nimekula samaki Kigoma, Dar nimelala mpaka nikapazoea, na shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu ilikuwa inanichelewesha. Kote nilikopita, anayechota wa kwanza ni mtu mzito.

Nyumba niliyopanga haina bomba. Bomba liko kwa jirani, huyo Bibi Skolastika, mjane wa Kipimbwe kutoka Mamba. Usiku analifunga kwa kufuli, ufunguo anaufunga kwenye pindo la kanga pamoja na rozari. Asubuhi nikisukuma geti na ndoo yangu, ananiambia, "Wa kwanza huyo kaja!" Mimi Msukuma, tunataniana, hawezi kunisalimia bila kunichokoza. Na uwanja wake naukuta umemwagiwa maji, vumbi limetulia, kama barabara inavyomwagiwa akija mkubwa.

Nikajua hiyo ni heshima yangu.

Basi nilitamba. Mimi ni kinyozi, na kinyozi ana bahati nyingine: anayemsikiliza hawezi kutingisha kichwa. Kila mteja aliyekaa kwenye kiti changu ameisikia habari ya ndoo ya kwanza. Nilitamba mpaka Kabungu kwa baba mkwe. Nilimwambia, "Baba, mjukuu wako anakula uji wa ndoo ya kwanza, siyo makombo ya bomba." Mjukuu mwenyewe ni Limi, binti yangu. Ana meno mawili na ana dharau kama bibi harusi. Uji ameanza kiangazi hiki hiki.

Sasa, wiki kadhaa nyuma watu wa maji walipita mtaani wakasema wanapima risasi kwenye mabomba.

Aisee, saluni ilichafuka. Mzee mmoja aliinuka na nusu ya ndevu. "Risasi? Nani kapigwa?" Mwingine akauliza kwa sauti ya chini kama wanakagua na magobore pia, akaondoka kabla sijamgusa kichwa, na mpaka leo hajarudi. Mimi ndiye niliyewatuliza. Niliwaambia ni madini haya, kama yaliyomo kwenye betri ya gari, yanatoka kwenye viungo na koki za zamani yanaingia kwenye maji. Hayana ladha, hayana harufu. Mtu mzima yanamuumiza, ila mtoto mdogo yanamharibu zaidi, yanamla akili polepole na wewe unamuona anacheka tu. Hayo yote nilielezwa na dada mpimaji, mmoja wa hao watu wa maji. Saluni niliyasema kama nimeyagundua mwenyewe.

Siku ya kupima, dada alimwomba Bibi asifungue bomba usiku kucha. Akaja alfajiri, akakinga chupa kabla hata tone halijagusa chini. Akaacha maji yatiririke, akakinga chupa ya pili. Akaondoka nazo. Sikuuliza kwa nini mbili. Niliona ni mambo ya maabara.

Leo asubuhi amerudi na majibu. Nilikuwepo, na ndoo yangu.

"Bibi," dada akasema, "maji yaliyolala kwenye bomba lako yana risasi. Yakishatiririka hayana shida, chupa ya pili ni safi. Tatizo ni hii koki na kiungo chake, fundi yuko njiani anabadilisha. Ila maji ya kwanza ya asubuhi, mtoto asinywe."

Maji ya kwanza ya asubuhi.

Sijui niliiwekaje ndoo chini. Akilini nilimuona Limi anavyofungua mdomo kijiko kikiwa bado mbali. Nilimuona mke wangu Kabula anakoroga uji, anaonja, anapuliza. Nilimuona baba mkwe, na mimi mbele yake nimekunja miguu natamba.

"Dada," nikasema, "ndoo ya kwanza ndiyo yangu. Kila siku. Mtoto wangu anakula uji wake."

Dada akafunga begi lake taratibu. "Ana umri gani? Itabidi tumpeleke hospitali."

Bibi Skolastika akanikazia macho. "Ndoo ya kwanza ipi?"

"Ya asubuhi, Bibi. Si unaniambia mimi ndiye wa kwanza?"

"Wa kwanza wa majirani, we Msukuma! Mimi niamke kabla ya jogoo halafu nikae nakusubiri wewe unawe uso? Ya kwanza namwaga uwanjani nifagie. Hili vumbi unadhani linatulizwa na malaika?"

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na masika je?"

"Masika naoshea baraza, matope unayoniletea na viatu vyako. Nyie mmezoea kunywa na ng'ombe, mtajuaje baraza?"

Dada akauliza kwa makini, ndoo nzima au nusu? Bibi akamuonyesha uwanja kwa mkono, kutoka getini mpaka jikoni. "Uwanja wote huu, mwanangu, nusu ingefika wapi?" Dada akatazama ile ardhi iliyolowa, akatazama koki, akaanza kucheka. Akasema basi, maji ninayochota mimi ni kama ya chupa ya pili. Siku ya kliniki nieleze tu, wamwangalie mtoto kwa uhakika.

Niligeuza ndoo nikaikalia. Machozi yakatoka. Nikasema ni vumbi.

"Vumbi gani," Bibi akasema, "na uwanja umelowa?"

Fundi alikuja, akaing'oa ile koki ya zamani, mimi nimemshikia bomba kama msaidizi wa kudumu. Saluni nimefungua mchana na wateja wamenuna. Wanune tu. Nilipomsimulia Kabula, alimchukua Limi akamkumbatia, halafu akaanza kunicheka na hajaacha mpaka naandika hapa. Nasikia yuko nje anamsimulia dada yake kwa simu.

Shajara, mimi ni mtu wa kushukuru, ila huwa najishukuru mwenyewe kwanza. Leo nimebadilisha foleni. Namshukuru Mungu. Namshukuru dada wa watu aliyeamka alfajiri kukinga chupa kwenye bomba la bibi asiyemjua. Nashukuru vumbi la Mpanda, ambalo nimelitukana tangu nihamie hapa, linavyochafua taulo zangu nyeupe. Na namshukuru Bibi Skolastika, ambaye hajui risasi ni nini, anajua kufagia tu. Hajawahi kunidai asante. Na mimi nilidhani uwanja wake unalowa kwa sababu yangu!

Kesho nitawahi kabla yake. Nitamwomba ufunguo, nichote ndoo ya kwanza kwa mkono wangu, niimwage uwanjani kwake, kisha nifagie mimi. Atanitukania ukoo mzima, najua. Atasema Msukuma hajui ufagio unashikwa wapi. Aseme.

Kule juu nilipoanza niliandika kwamba ndoo ya kwanza ni yangu. Naweza kufuta, shajara yenyewe naiandika kwenye simu. Sifuti.

Ila ni uongo. Haijawahi kuwa yangu hata siku moja.