Picha ya Mwali

Jumatano, 6 Juni 2007
Nimesahihisha madaftari ya darasa la nne. Jioni sokoni Nachingwea, kununua betri. Kamera ya dijitali aliyoniletea mdogo wangu kutoka Dar inakula betri balaa. Nilikwenda nayo shingoni, ingawa sikuwa na cha kupiga. Nilitaka waione tu. Kwenye ngazi ya duka kikamba kikakatika. Ikaanguka lenzi ikiwa nje, mbele ya wanywa kahawa wote. Nikacheka kana kwamba ni jambo dogo. Ndani nilikuwa nimekufa.

Alhamisi, 7 Juni
Imewaka. Lenzi inatoka, inakwaruza kidogo, inarudi. Nilifunga mlango kwanza ndipo nikaijaribu, majirani wasinione. Nimepiga kikombe, kalenda, mkono wangu mwenyewe. Vyote safi. Hata tarehe za kalenda zinasomeka kwenye kile kioo kidogo. Alhamdulillahi.

Hadija, mke wangu, ameuliza kama tumwite na mpiga picha wa Ruangwa, yule wa kamera ya filamu, siku mdogo wake atakapotolewa unyagoni. Nimemjibu kwa ukali. Mimi ndiye niliyewaambia wakwe wasihangaike na mtu mwingine. Nirudi nyuma kwa uso gani?

Jumamosi, 16 Juni. Ruangwa
Somoe, mdogo wa Hadija, ametoka. Ni kitindamimba, mama mkwe hana tena mwali wa kumtoa. Ngoma tangu alfajiri. Wanaume tuliwekwa nyuma ya kamba, mbali, na kwa wanawake wale nani angethubutu kuivuka? Makungwi wakawafunua wanawali kanga, nami nikapiga, nikapiga. Jua kali, kioo hakionyeshi kitu. Nilijiona mtu mkubwa. Yule wa filamu alikuwepo, mikono mitupu, mgeni kama wageni wengine. Nilimpungia mkono.

Jumapili, 17 Juni
Nimezitazama chumbani. Ukungu. Si moja, zote. Wanawali ni mabaka ya rangi, sura hakuna.

Nimepiga kikombe tena: safi. Nikapiga mkorosho wa ng'ambo ya barabara: ukungu. Kumbe ya karibu inayaona, ya mbali haiyaoni. Nami niliijaribu ndani, mlango nimefunga, kwa kuogopa aibu. Mwalimu mzima. Ningetoka hadi uwanjani tu ningejua. Na mwali hatolewi mara mbili.

Jumanne, 26 Juni
Mkwe ametuma tena mtu kuulizia picha. Nimesema ziko studio, Lindi. Uongo. Hadija anaosha vyombo kwa kelele. Mwishowe akasema: "Mama yangu si mtoto. Mpelekee hizohizo." Nimekasirika kwa sababu anasema kweli.

Alhamisi, 5 Julai. Lindi
Mwenye studio aliuliza kama kweli nataka kusafisha hii. Nikasema ndiyo. Nimechagua moja, iliyo afadhali. Kanga ya Somoe inatambulika. Basi.

Jumamosi, 14 Julai. Ruangwa
Hadija ameingia na picha kwa mama yake. Mimi nikabaki barazani na wageni. Mtu hakai uso kwa uso na mama mkwe. Nilikuwa tayari kwa lolote. Kwa kweli nilitamani anitukane, yaishe.

Kisha vigelegele, vya mama mkwe peke yake. Akaja mpaka mlangoni, uso kaugeuza pembeni kwa adabu, picha kaisogeza hadi kwenye jicho lake la kulia. La kushoto lilishafumba zamani, na hili nalo lina utando. Sikuwahi kulitazama. Ningelitazama lini?

Akasema, wageni wote wasikie: "Ahsante, baba. Ndivyo nilivyomwona siku ile."

Wageni wakapokezana picha. Kila mmoja aliitazama, akaigeuza kidogo, akampa mwenzake. Heri wangecheka. Nilitaka kusema kwamba kamera ilianguka.

Somoe akaniletea maji ya kunawa. Yeye macho yake ni mazima, ameiona. Akainama na jagi, akasema polepole: "Shemeji, usimwambie."

Nimenawa. Tumekula. Baada ya kula mama hakukubali kusaidiwa. Ameitundika mwenyewe, akiupapasa ukuta kutafuta msumari.