Na Mimi Ishirini

Mwankoko, Singida
Ijumaa, 23 Mei 2025

Dada yangu mpenzi Mwanabaraka,

Assalaam aleykum, na shikamoo dada. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima wewe, shemeji Abdulazizi na watoto wote. Je, yule mdogo ameacha kukohoa? Mama alisema baridi ya Kiomboi mwaka huu imewahi, nikamhurumia mtoto. Sisi huku hatujambo. Magoti ya mama yanamsumbua akiamka, lakini kufika saa nne anatembea kama kawaida na kugombana kama kawaida. Baba anashinda ghalani anachambua vitunguu vilivyoanza kuota. Anakusalimu sana.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Simu ninayotumia ni ya mama, na unajua mama haongei na simu mpaka aweke spika, uwanja mzima usikie. Ujumbe nao anausoma kabla yangu. Kwa hiyo nimempa Laurian, kondakta wa basi la Kiomboi, akukabidhi mkononi. Ukishasoma, tia jikoni.

Dada, namwonea Nasma wivu. Najua unajua, lakini sijawahi kulisema kwa mdomo wangu, na leo nataka nianze nalo ili mengine uyaelewe. Wanasema mwenye wivu ajinyonge. Mimi sijinyongi ng'o, ila usiku wa kuamkia mtihani nilimwombea apate mafua. Si malaria, dada, mimi si katili. Mafua tu, ya kumfanya apenge kamasi wakati wengine tunakokotoa.

Unaijua nyumba yetu. Baraza ya mama huku, baraza ya mama mdogo kule, uwanja katikati, na mimi na Nasma tumezaliwa mwaka mmoja kwa baba mmoja. Ulinisimulia mwenyewe kwamba Nasma alipotangulia kuota jino, mama alinisugua fizi kwa kidole mpaka zikavimba. Basi tangu siku hiyo sijapumzika. Kutembea, kuhitimu juzuu, kuingia sekondari, kila kitu kimepimwa kutoka baraza moja hadi nyingine. Na tulipofika kidato cha tano tukapangiwa shule moja, mchepuo mmoja, dawati moja. Kwenye fizikia na kemia namfikia. Kwenye hesabu hapana. Yeye anasoma swali huku anatafuna ubuyu, mimi nalisoma huku natoka jasho, na mwisho wa siku yeye anapata na mimi nakaribia kupata. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hajisifu. Angejisifu ningemchukia nikapumua.

Jumanne tulifanya pepa la kwanza la hesabu. Kulikuwa na swali la mfanyabiashara mwenye maghala mawili na maduka matatu, unatakiwa upange magunia mangapi yatoke wapi yaende wapi ili asitumie gharama kubwa ya usafiri. Nilitabasamu peke yangu, nikasema hili ni swali la baba, leo nawanyoosha. Nikachora grafu, nikatia kivuli, nikapata magunia ishirini.

Mwalimu Ignas, anayetufundisha hesabu, alitukataza kabisa kulinganisha majibu kabla mitihani haijaisha. Anasema wengi hawaangushwi na pepa, wanaangushwa na maneno ya getini. Nani wa kumsikiliza? Tulipotoka tu tulikusanyika kwa mama anayeuza mihogo ya kukaanga, kila mtu anapaza namba zake kama yuko mnadani. Likafika swali la magunia. Idrissa akasema kumi na mbili. Gasto akasema kumi na mbili. Jenipher naye kumi na mbili. Mimi nikaropoka ishirini kabla sijafikiri, na wote wakanigeukia. Gasto akaniuliza nilitia kivuli upande gani wa mstari, wa juu au wa chini. Nikajaribu kukumbuka, nikashindwa.

Kisha wote wakamwangalia Nasma, maana darasani kwetu jibu la Nasma ndilo jibu. Nasma alinitazama mimi kwanza. Halafu akasema, "Na mimi ishirini."

Dada, ungeona zile nyuso. Idrissa alikaa chini na muhogo wake mkononi. Jenipher alianza kuhesabu upya kwenye kiganja. Mimi nilihisi kama nimevishwa taji. Jibu langu na la Nasma ni moja! Tulirudi nyumbani nikiwa nimemshika mkono, kitu ambacho sijakifanya tangu tukiwa na umri wa kuchezea udongo, naye akaniacha nimshike.

Nyumbani mama alikuwa anatusubiri barazani, na mama mdogo barazani kwake, kila mmoja anajifanya anachambua mchele. Niliposema majibu yetu yamelingana, mama aliinuka bila kushika magoti. Jioni ile alipika pilau, akapeleka sahani ng'ambo kwa mama mdogo na ujumbe kwamba safari hii watoto wametoka sare. Mama mdogo aliipokea, akarudisha sahani ikiwa imeoshwa. Baba alifurahi mpaka akatamka kwamba Alhamisi, pepa la pili likiisha, atafunga duka mapema aje asikilize mwenyewe mabinti zake wakilinganisha. Mimi nililala nikiwa na raha, ila sitakudanganya, hata ndani ya raha ile kuna kitu kilikuwa kinanong'ona: kwa nini sare, kwa nini isiwe moja bila?

Jumatano hatukuwa na mtihani. Nilikwenda chumbani kwa Jenipher kuazima seti ya hesabu, maana rula yangu ilivunjika. Jenipher ni mwenyeji wa Ihanja, amepanga chumba huku mjini na wenzake wawili. Kabla sijabisha hodi nikasikia sauti ya Nasma ndani. Jenipher alikuwa analia. Alikuwa hajala tangu Jumanne, akiamini kwamba kama la magunia amekosa basi amekosa yote, na alikuwa amekwisha kuwaambia wenzake kuwa Alhamisi haendi. Nasma alikuwa anambembeleza. Akamwambia jibu ni kumi na mbili, na hata yeye aliandika kumi na mbili. Akamwambia ameshapita kwa Idrissa na kwa Gasto kuwaeleza, na amewaomba wote jambo moja: mimi nisiambiwe mpaka pepa la pili lipite, kwa sababu, anavyonijua, nikijua leo kesho sitashika kalamu.

Niligeuka nikaondoka bila seti wala rula.

Najua wewe ungesema nini, dada. Ungesema huyo ni ndugu wa kweli. Lakini mimi nilikuwa natembea barabarani uso unaniwaka, kwa sababu darasa zima lilikuwa linajua kwamba Rahma anahurumiwa, isipokuwa Rahma mwenyewe. Kichwani nikamsikia mama waziwazi, kana kwamba nimemwambia na amenijibu: anayekuficha kosa lako anataka ubaki nalo. Nikaikubali ile sauti. Nikaishika kwa mikono miwili. Nilikesha na probabiliti, si kwa kupenda hesabu, kwa hasira. Nasma alirudi jioni amechoka, akala, akafungua daftari kidogo akasinzia juu yake. Kutwa nzima aliimaliza kwa wenzake.

Alhamisi pepa la pili lilikuwa gumu, ila hasira ilinisaidia. Kulikuwa na swali la balbu ndani ya boksi, nyingine nzima na nyingine mbovu, unatoa moja kisha unatoa ya pili bila kurudisha ile ya kwanza. Nililisoma mara tatu. Nilihakikisha sirudishi balbu ya mtu.

Jioni baba alifunga duka kweli. Aliweka kiti katikati ya uwanja, mama upande wake, mama mdogo upande wake. Baba akaanza kutaja namba za maswali, Nasma anasema jibu lake kwanza na mimi nafuata. La kwanza sawa. La pili sawa. Baba anatikisa kichwa kwa furaha kana kwamba anasikiliza kasida. Tukafika kwenye balbu, Nasma akataja jibu lake, nami nikajua papo hapo alichofanya. Alikuwa ameirudisha balbu ya kwanza kwenye boksi. Kosa la mtu aliyechoka.

Nadhani naye alijua pale pale aliposikia sauti yake mwenyewe. Alinitazama. Hakuniomba kitu, dada, usimsingizie. Alinitazama tu, kama alivyonitazama Jumanne kwa mama wa mihogo. Na mimi nilichotakiwa kusema ni maneno mawili, na mimi, basi, baba aendelee na swali linalofuata.

Nilisema jibu langu. Nikalisema kwa sauti. Kisha, bila kuulizwa na mtu, nikasimama nikaeleza mbele ya baba na mama zetu wote wawili Nasma amekosea wapi, kwamba maneno bila kurudisha yameandikwa wazi na asiyeyaona ni kwa kutosoma. Nilieleza vizuri sana. Mwalimu Ignas angejivunia.

Mama alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia ukutani. Mama mdogo aliinuka akaanza kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi. Nasma alifikiri kidogo, akasema ni kweli, alisahau. Akasema hongera dada Rahma. Halafu akaniomba nimweleze tena pale pa mwisho, maana alitaka kuelewa. Na baba akahitimisha kwamba hesabu za kwanza tulitoka sare na za pili Rahma ameshinda, kwa hiyo mwaka huu Rahma ndiye wa kwanza.

Neno moja tu lingetosha kulifuta hilo. Nasma angesema kumi na mbili, mbele ya mama yake anayekunja nguo mbichi. Hakusema. Nilisubiri aseme, dada, nilitamani aseme ili tuwe sawa. Akachukua kiti cha baba akakirudisha ndani.

Sasa fikiria na hili. Matokeo yakitoka yatakuja na herufi tu. Hakuna mahali patakapoandikwa nani alipata magunia mangapi. Kwa hiyo ishirini yangu itabaki ishirini ya watu wawili mpaka kiyama kama mimi nikinyamaza, kwa sababu yeye hatasema. Tangu jana mama ananipita ananishika bega, na kila akinishika natamani kumwambia, na ulimi unakataa.

Miaka yote nimemwonea Nasma wivu wa akili zake, nikajifariji kwamba akili ni majaliwa, moyo mimi ninao. Jana nilipewa nafasi ya kuutoa, nikautafuta, sikuukuta. Sasa namwonea wivu na huo. Ndiyo siri ambayo sikuweza kuisema kwenye spika.

Juzi ulimpigia mama ukasema shule ya hapo jirani na kwenu inatafuta aliyemaliza kidato cha sita awafundishe hesabu watoto wa kidato cha pili hadi majina ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa yatoke, na kwamba umenishikia nafasi mimi. Mama ameshanitolea begi. Dada, nakuomba umwite Nasma. Waambie walimu kwamba huyu ndiye anayezijua, na ana subira na mtu anayelia. Piga simu Jumapili, nyumbani tutakuwepo wote, useme kwa spika kwamba unamtaka Nasma. Najua mama atakuja juu, ataniuliza kuna nini kati yangu na Nasma. Hapo sitakuwa na pa kukimbilia, nitamweleza ya ishirini mbele ya mama mdogo na baba. Nisiposukumwa hivyo sitaweza. Najijua.

Nisalimie shemeji, na uwabusu watoto kwa niaba yangu. Waambie mama yao mdogo atakuja, wampokee begi stendi. Mwekee kile chumba chenye dirisha. Ubuyu anapenda usio na pilipili.

Mpokee kwa mikono miwili, dada, ila nakuomba kwa Mungu, usije ukampenda kuliko mimi.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,
Rahma Haji