Nafasi Kwenye Sinia

Bweni, Jumatatu

Chiku, binti wa kaka yangu,

Assalaam alaykum. Bibi yako hapo Juani mpe shikamoo yangu. Huku mwani umekauka vizuri, na mwanangu Aziza amehitimu Kurani. Tulipika pilau.

Ustadhi alimtaka aeleze aya inayokataza kumwonea yatima. Akasema mbele ya wageni, "Niliisoma chuoni, Chiku akitufungia mwani kambani. Alikuwa akila jikoni, peke yake."

Marehemu baba yako alikuacha mikononi mwangu, nami nikakufanya mtumishi.

Tangu siku ile, tukizunguka sinia, Aziza huacha nafasi pembeni yake. Jana nilitaka kukaa hapo, akanizuia.

"Mama, hapo pana mtu."

Shangazi yako,
Mwanaidi