Mkono wa Kinyozi

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama hamjambo. Mimi mzima, ila baridi ya bweni hili inanitia adabu.

Mwalimu alitutaka tuandike insha kuhusu mahali tulipopazoea hadi hatupaoni tena. Nimeandika saluni yako: unavyokung'uta shuka mlangoni, unavyomgeuza mteja kichwa kwa vidole viwili, redio inayokohoa kuliko wateja. Nakutumia nakala. Lakini baba, nikiwa naandika ndipo nilipokumbuka jambo la likizo. Kila ukishika wembe, mkono wa kushoto ulikuwa unaushika wa kulia. Kwa nini?

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tupo, tunazisukuma siku. Insha nimeisoma, na pale penye redio nimecheka mpaka mteja akaogopa. Ila una macho mabaya wewe! Mama yako analala ubavuni kwangu na hajaona.

Mkono unatetemeka. Juzijuzi nilimkata fundi viatu sikio. Akaniambia, "Usijali kaka, ninalo lingine." Akacheka, nami nikacheka. Hajarudi tena.

Mama asijue.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Usingizi hauji vizuri. Nenda hospitali, nakuomba, na mama umwambie mwenyewe kabla sijamwambia mimi.

Insha imeongoza. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa, na wenzangu walisifu zaidi pale mkono unapoushika mwenzake. Nilitamani anyamaze.

Mwanao

17 Juni

Baba,

Shikamoo. Mbona kimya? Kama nilikukera kwa kukuandika, nigombeze tu. Hata mama hajibu.

Mwanao

9 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Hali yangu ni hii unayoiona kwenye mwandiko. Hukunikera.

Daktari anasema ugonjwa huu hauponi. Dawa ni za kuuchelewesha, nao una haraka zake. Funguo za saluni nimemrudishia mwenye nyumba. Pale sasa wanauza simu. Wewe usikatize masomo. Ukija utakaa uniangalie tu, na ukiangalia huachi kitu.

Asubuhi nyingine navaa koti la kazi, nafika mlangoni, nalivua.

Ndevu ananinyoa mama yako. Hajui kuivuta ngozi, hata nimwelekeze vipi. Ananikata, anasimama, ananiuliza, "Inauma?" Namwambia haiumi, aendelee.

Baba yako