Poda Kabla ya Matokeo

Goma, Ndosho
Alhamisi, 8 Agosti 2024

Mpendwa Shangazi Wivine,

Pokea salamu zangu za heshima. Goti lako linaendeleaje? Na watoto huko Kampala, bado wanakataa kula sombe? Sisi tu wazima. Mama anakohoa kwa ajili ya vumbi, lakini sokoni haachi kwenda. Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu ningefuta kila sentensi. Barua ataileta Papa Gauthier, anayekuja kununua vitambaa.

Shangazi, sikufaulu.

Picha uliyotumiwa wiki iliyopita, mimi mweupe kwa poda na Mama akicheza pembeni, si ya ushindi. Siku ile nilitetea kazi yangu ya mwisho ya fizikia, na walimu wamenirudisha sesheni ya pili, niirekebishe na kuitetea upya.

Mada unaijua, ulinivumilia nikikueleza kwa simu. Vyombo vya angani huipita Dunia kwa karibu ili viongezewe mwendo, na vichache viliondoka na mwendo uliozidi hesabu, milimita chache tu kwa sekunde. Sababu haijulikani. Wengine wanashuku makosa ya vipimo, wengine joto la chombo chenyewe, wengine kuzunguka kwa Dunia. Mimi nilitaka iwe nguvu ambayo hakuna aliyeiona bado. Niliitaka sana, Shangazi, kama mtu anavyotaka ndoa. Nilitunga hesabu yangu, ikakubaliana na vyombo vyote nilivyoviweka kwenye jedwali.

Profesa Birindwa aliuliza kwa upole kuhusu Juno, chombo kilichoipita Dunia mwaka 2013. Hesabu yangu inadai nacho kiliondoka na mwendo wa ziada. Vipimo havikuonyesha ziada yoyote. Nilijua hayo tangu mwezi wa nne, nikakiacha nje ya jedwali. Nilisimama pale nikaangalia kamba za viatu vyangu, kisha nikakiri kwamba nilikiacha makusudi.

Yote yalisemwa kwa Kifaransa. Mama alisikia tu walimu wakisema asante na kuomba watu watoke wakati wao wanaamua. Nje alikuwa ameshafungua kopo la poda, ile wanayomwagiwa waliofaulu. Ningeweza kumshika mkono, nikamwacha animwagie. Nikaitwa ndani kusikia uamuzi nikiwa mweupe mpaka kwenye nyusi, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyeniangalia usoni.

Nilipotoka, shangwe ilikuwa imekolea. Nikawaacha waendelee kuimba. Samy, yule mtoto wa mama mdogo, akapiga picha. Motari aliyenirudisha Ndosho kwa pikipiki yake alinitania njia nzima: “Docta, poda yako inabaki kwenye koti yangu. Bibi yangu nyumbani ataniuliza nimetoka kwa nani.” Nilicheka naye. Hicho kicheko bado kinanichoma.

Mama akaenda parokiani kuomba misa ya shukrani, Jumapili hii. Hapo nikashindwa kuendelea kuficha. Jana asubuhi nilimkuta anachagua maharage, nikamwambia yote.

Hakunifokea. Aliuliza, “Siku ile nakumwagia poda, ulikuwa unajua?”

“Ndiyo, Mama.”

“Na ukainama.”

Akajifunga kitenge akatoka. Aliporudi aliniarifu kwamba misa haikufutwa, amebadilisha nia tu. Padri atasoma: kwa ajili ya Masika, aliyeficha jambo katika kazi yake, airudie kwa ukweli. Nilimsihi angalau waandike “nia maalumu”, kama wanavyofanya wengine.

“Poda nilikumwagia mbele ya watu,” akasema, akarudi kwenye maharage yake.

Nilipoanza kuiwaza barua hii nilitaka nikuombe ubandue ile picha uliyoibandika dukani kwako bila kelele. Sasa naomba uibandue, na mteja akiuliza imekwenda wapi, umwambie. Jedwali nimeshalianza upya na Juno iko mstari wa kwanza. Ile nguvu niliyoitaka imekufa papo hapo. Sijui kazi itabaki na nini, labda swali tu.

Nisalimie Mjomba Hilaire, na Rosine umwambie viatu alivyonitumia vimenitosha, nitavivaa Jumapili. Mama ameshasema tutakaa benchi la mbele.

Mungu alitunze goti lako na nyumba yako yote.

Ni mimi mtoto wako, ninayekupenda na kukuonea haya,

Masika