Mawingu Yenye Mkia

Jumanne, mwanzo wa mvua. Mawingu yametanda juu ya mtaa wetu wa Katuba tangu asubuhi, na mimi nimeanika nguo kwa ukaidi tu.

Nilikuwa bado kwenye kamba Ngalula aliponivuta kitenge. Ni mjukuu wangu, ana miaka mitano, ninakaa naye tangu baba yake aende kufanya kazi mgodini Kolwezi. Akaniuliza: "Kambo, mawingu inatokeaka wapi?"

Mama yangu! Nimefundisha watoto wadogo maisha yangu yote, na swali hilo limenirudisha mbali.

Enzi za Zaire nilikuwa kijana, mwenye diploma mpya, na niliringa nayo kweli. Darasa la kwanza, watoto watatu kwenye kila benchi, karibu wote baba zao ni wafanyakazi wa shaba. Siku moja nikawaambia wachore mbingu. Basi wote wakachora mawingu yenye mkia! Mkia mrefu unaoshuka hadi kwenye bomba la moshi la kiwanda. Kwao wingu lilizaliwa pale, lingezaliwa wapi kwingine? Nilicheka hadi machozi. Jamani, ninawakumbuka watoto wale, hata kelele zao ninazitamani.

Kisha nikashika kalamu yangu, biki nyekundu, nikakata mikia yote, mmoja mmoja. Kesho yake nikaleta mbabula ya makaa na birika, tukatazama mvuke ukipanda, wakaelewa. Wote isipokuwa Kapinga, msichana mdogo wa benchi la mbele. Alilia mpaka somo likakatika.

Baba yake alikuja akiwa bado na nguo za kazi. Alifungua karatasi ya mtoto, ile yenye alama yangu nyekundu.

"Madamu, kosa ni yangu, haiko ya mutoto. Alikuwa analia kila nikienda ku kazi. Njo maana nikamuambia, papa anaenda kutengeneza mawingu. Ukiona moshi inapanda, ujue niko pale."

Neno moja tu la faraja kwa mtoto lingetosha. Mimi nikanyoosha shingo, nikamjibu kwamba mwalimu hafundishi uongo.

"Aksanti, Madamu," akasema. Akaikunja karatasi taratibu, akaenda zake.

Nilikuwa sahihi. Lo, nilikuwa sahihi sana!

Mwaka ule Kapinga alichora mbingu mara moja tena. Bluu tupu, pembe hadi pembe. Hakuweka wingu hata moja.

Leo nimemweleza Ngalula yote: maji, jua, mvuke. Amesikiliza vizuri. Halafu nikamwonyesha wingu kubwa kuliko yote, upande wa Kolwezi.

"Ile pale," nikamwambia, "papa yako njo ametutumia."

Amelipungia mkono mpaka mvua ikatufukuza. Nguo zimelowa zote.

Kapinga, mwanangu, popote ulipo, nisamehe ile biki.